Barbara Makelin na maneno ya nyumbani: kisa cha Halle kilichofichua asili ya Kiromani

Katika miaka ya 1770, katika mji wa Halle kwenye nchi za Wajerumani, mwanamke Mroma aitwaye Barbara Makelin aliombwa aseme sentensi chache kwa lugha ya kwao, Kiromani. Aliyemwomba ni Johann Christian Christoph Rüdiger, kijana msomi aliyezaliwa mwaka 1751. Sentensi zenyewe hakuzitunga Rüdiger. Zilitoka kwa Hartwig Bacmeister, msomi aliyekuwa akiishi Saint Petersburg, ambaye mwaka 1773 alitoa mwito kwa wenzake wa kila nchi wamkusanyie tafsiri za sentensi zilezile katika lugha nyingi kadiri itakavyowezekana. Barbara Makelin akatafsiri, Rüdiger akaandika. Kisha Rüdiger akafungua sarufi ya Kihindustani, lugha ya India iliyo jamaa moja na Kihindi cha leo, akaweka majibu ya mama yule upande mmoja na Kihindustani upande wa pili, na mwaka 1782 akachapisha makala iliyotangaza kwamba Waroma wa Ulaya asili yao ni India.

Kisa chote ni hicho. Ni kifupi, lakini ukikifungua kinaeleza jambo ambalo sisi wasemaji wa Kiswahili tuna kila sababu ya kulielewa kuliko wengi: maneno ya jikoni na ya mwili wa mtu husema lugha ilizaliwa wapi, na maneno ya mkopo husema ilipita wapi. Watu wanaochanganya mambo haya mawili ndio wanaokwambia barazani kwamba Kiswahili ni Kiarabu kilichoharibika. Kiromani nacho kimetukanwa kwa namna hiyohiyo kwa karne kadhaa.

Tuliweke sawa jina kwanza, maana kwa Kiswahili ni rahisi kupotea. Waroma si Warumi, wala jina lao halikutokana na Romania. Katika Kiromani, *rom* ni mwanamume au mume, na *romni* ni mke. Majina waliyobandikwa na majirani ndiyo yaliyozua mkanganyiko. Walipofika Ulaya ya magharibi katika karne ya 15, wakionekana kwa Wajerumani mwaka 1417 na Paris mwaka 1427, ilisemekana ni mahujaji waliotoka Misri. Waingereza wakawaita Wamisri na kulifupisha neno likawa *Gypsy*, Wahispania nao wakafanya vivyo hivyo, na jina likaganda. Kumbe mwandishi mmoja wa kumbukumbu za mji wa Forlì, Italia, alikuwa ameandika mwaka 1422 kwamba baadhi ya wageni hao walisema wametoka India. Walisema wenyewe. Hawakusikilizwa.

Na ushahidi wa lugha nao ulikuwapo mapema. Katika miaka ya 1540 tabibu Mwingereza Andrew Boorde aliandika sentensi kadhaa alizoziita lugha ya Misri. Mojawapo aliiandika hivi: *Lach ittur ydyues*. Masikio yake hayakuwa na mazoea ya lugha ile, lakini anayekijua Kiromani anaitambua mara moja: *lačho tuke dives*, yaani siku njema kwako. Neno *dives*, siku, ni *divasa* la Kisanskriti, lugha ya kale ya India. Likakaa kitabuni zaidi ya miaka 230 bila mtu kuuliza Misri ipi inayoita siku *divasa*. Wakati huohuo wengine walikazana kusema kwamba Kiromani si lugha hata kidogo, ni maneno ya kubuni ya wezi ili wasieleweke sokoni.

Kwa nini basi iwe Halle? Sababu ni ya kawaida kabisa, na mimi huipenda kwa hilo. Halle palikuwa na kituo kikubwa cha misheni ya Kiprotestanti kilichopeleka watu kusini mwa India. Mmoja wao, Benjamin Schultze, alirudi Halle na kuchapisha hapo sarufi ya Kihindustani mwaka 1745. Kwa hiyo katika mji mmoja walikutana mwanamke aliyekijua Kiromani, kijana aliyekuwa na orodha ya sentensi kutoka Petersburg, na kitabu cha lugha ya Kihindi kilicholetwa na wamisionari kwa shughuli nyingine kabisa.

Sasa tusogee karibu tuyaone maneno. Ninayotumia hapa ni ya Kiromani kinavyojulikana leo katika lahaja zake mbalimbali, si yale tu yaliyomo katika karatasi za Rüdiger. Kabla ya kuendelea, neno moja juu ya tahajia: *j* hutamkwa kama *y* yetu, *č* ni *ch*, *š* ni *sh*, *dž* ni karibu na *j* ya Kiswahili, na *x* ni ile *kh* ya Kiarabu inayosikika kwa wanaotamka *kheri* kwa koo. Lakini *kh*, *ph* na *th* za Kiromani si hizo tulizozoea: ni *k*, *p* na *t* zinazotoka na pumzi.

Anza na uso wa mtu. Jicho ni *jakh*, pua ni *nakh*, sikio ni *kan*, mdomo ni *muj*, jino ni *dand*, ulimi ni *čhib*, nywele ni *bal*. Mhindi wa leo atasema *ankh*, *nak*, *kan*, *munh*, *dant*, *jibh*, *bal*. Ingia nyumbani: nyumba ni *kher*, mlango ni *vudar*, moto ni *jag*, maji ni *pani*, chumvi ni *lon*, kisu ni *čhuri*, nyama ni *mas*, maziwa ni *thud*. Kihindi: *ghar*, *dwar*, *ag*, *pani*, *lon*, *chhuri*, *mas*, *dudh*. Toka uani: nyasi kavu ni *khas*, nyoka ni *sap*, jua likitua ni *rat*, yaani usiku. Kihindi: *ghas*, *samp*, *rat*. Vitenzi navyo: kuona ni *dikh-*, kusikia *šun-*, kula *xa-*, kunywa *pi-*, kufa *mer-*, kwenda *dža-*. Kihindi: *dekh-*, *sun-*, *kha-*, *pi-*, *mar-*, *ja-*.

Waliokulia Mombasa, Unguja au Kariakoo wakitazama filamu za Kihindi wanaweza kulifanya jaribio la Rüdiger kwa masikio yao wenyewe. Mtu ambaye hajasoma Kihindi hata siku moja anajua *pani*, *ghar* na *bhai* kwa sababu ameyasikia mara elfu kwenye skrini. Mpe kaseti ya mzee Mroma wa Slovakia anayeomba maji, atashtuka.

Lakini hapohapo pana mtego, na ni vizuri uonekane. Neno la kwanza ambalo mpenzi wa filamu atalitafuta ni *dil*, moyo. Atakuta Kiromani kinasema *ilo*, na atafurahi kwamba yanafanana. Hayahusiani kwa njia anayoidhani. *Dil* ni neno la Kiajemi lililoingia Kihindi kwa mkopo. *Ilo* limetoka katika *hridaya* la Kisanskriti kwa njia yake lenyewe. Kwa neno hili Kiromani kimebaki na mali ya babu ambayo nyimbo za Bombay zimeiweka kando.

Hapa ndipo isimu inapotengana na mchezo wa kukisia. Maneno mawili kufanana hakutoshi. Kinachotafutwa ni tofauti zinazojirudia kwa mpango. Kiromani na Kihindi zinatofautiana kwa utaratibu mkali mno hata haiwezekani kuwa ni bahati nasibu. Kisanskriti kilikuwa na konsonanti ghuna, yaani zinazotetemesha koo, zenye mpumuo, yaani zinazotoka na pumzi: *bh*, *dh*, *gh*. Kihindi kimezihifadhi. Kiromani kimezifanya sighuna, zisizotetemesha koo, huku kikibakiza mpumuo, kwa hiyo *bh* ikawa *ph*, *dh* ikawa *th*, *gh* ikawa *kh*. Ndugu wa kiume, *bhratar* katika Kisanskriti, ni *phral*. Ardhi, *bhumi*, ni *phuv*. Moshi, *dhuma*, ni *thuv*. *Ghar* ni *kher*, *ghas* ni *khas*. Kanuni ni moja, na inashika neno baada ya neno.

Neno la maziwa ndilo linalonifurahisha kuliko yote, kwa sababu kwanza linaonekana kuivunja kanuni. Kihindi ni *dudh*, mpumuo uko mwishoni. Kiromani ni *thud*, mpumuo uko mwanzoni. Kilichotokea ni kwamba pumzi ilihama kutoka mwisho wa neno hadi mwanzo, *dudh* ikawa *dhud*, kisha kanuni ya kawaida ikafanya kazi yake, *dh* ikawa *th*. Ulimi nao ulikwenda njia hiyohiyo: *jibh* ya Kihindi, mpumuo nyuma, *čhib* ya Kiromani, mpumuo mbele. Lililoonekana kosa kumbe ni kanuni ya pili.

Kwa mtu wa bara pumzi hii huenda ikaonekana jambo dogo. Mtu wa Lamu au Mombasa hatoliona dogo. Kwake kaa la moto na kaa wa baharini si tamko moja: la moto halina mpumuo, wa baharini anao. Vilevile paa la nyumba na paa wa porini. Kiromani kinautumia mpumuo kwa namna hiyohiyo kutenga maana: *kerav* ni ninafanya, *kher* ni nyumba, *perav* ni ninaanguka, *pherav* ni ninajaza, na hili la pili ni *bharna* la Kihindi kwa kanuni ileile ya *bh* kuwa *ph*. Mwandishi wa Kizungu asiyeisikia pumzi hiyo, kama Boorde, lazima aharibu. Hata neno *pal* la Kiingereza, rafiki, ni *phral* hilohilo lililochukuliwa kwa Waroma wa Uingereza likapotelewa na pumzi njiani.

Mitego iko mingine. Baba kwa Kiromani ni *dad*. Sisi tuna *dada*. Mjomba au ami ni *kak*, nasi tuna *kaka*. Je, sisi ni ndugu? La. Maneno ya kwanza ya mtoto mchanga, *mama*, *baba*, *dada*, *tata*, yanazuka kila mahali kwa sababu vinywa vya watoto ni vilevile, na mwanaisimu makini huyaweka pembeni. Mtego mkubwa zaidi ni *baxt*. Mroma akikutakia heri husema *te aves baxtalo*, uwe mwenye bahati, na hiyo *baxt* ni bahati yetu hasa, neno lilelile moja. Ni la Kiajemi. Sisi lilitufikia kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi, wao walilichukua walipopita katika nchi za Waajemi. Neno moja limekaa katika lugha mbili zisizo na uhusiano wa kizazi hata kidogo.

Na hapo tunafika kwenye hesabu, mahali ambapo Kiswahili na Kiromani zina kisa kimoja.

Hesabu ya Kiromani huenda hivi: *jekh*, *duj*, *trin*, *štar*, *pandž*, *šov*, *efta*, *oxto*, *enja*, *deš*. Moja hadi sita ni za India bila shaka: *eka*, *dva*, *trini*, *chatvaras*, *pancha*, *shash* za Kisanskriti. Kumi nayo ni *dasha*. Ishirini ni *biš*, Kihindi *bis*. Mia ni *šel*, Kisanskriti *shata*. Lakini saba, nane na tisa ni za Kigiriki tupu. Thelathini na arobaini nazo, *trianda* na *saranda*, ni za Kigiriki.

Sasa tuhesabu sisi: moja, mbili, tatu, nne, tano, kisha ghafla sita na saba za Kiarabu, halafu nane ya Kibantu, tisa ya Kiarabu, kumi ya Kibantu. Ishirini, thelathini, arobaini, hadi mia na elfu, zote za Kiarabu. Za zamani hazikufutika kabisa: *kenda* bado inajulikana, *tandatu* imo katika tenzi, na *fungate* imebaki kwenye siku saba za maarusi. Hakuna Mswahili aliyelala Mbantu akaamka Mwarabu siku aliyoanza kusema saba. Tulikuwa sokoni, tukihesabu na watu, na hesabu ya sokoni ikashinda ya nyumbani. Waroma nao waliishi kwa vizazi vingi katika milki ya Bizanti iliyosema Kigiriki, wakiuza na kufua vyuma kwa wateja Wagiriki. Mtu anayetaka kuthibitisha kwamba Kiromani ni Kigiriki kwa sababu ya *efta* inambidi pia athibitishe kwamba Kiswahili ni Kiarabu kwa sababu ya saba, na ajibu ni kwa nini tano haikusogea.

Ukiyafuata maneno ya mkopo kwa utaratibu, unaipata ramani ya safari. Ya Kiajemi na ndugu zake: *baxt*, *zor* yaani nguvu, *ambrol* yaani tunda la peasi. Ya Kiarmenia: *bov*, tanuri, na *grast*, farasi. Kisha Kigiriki, zaidi ya maneno 200: *drom*, njia, *foro*, mji, *petalo*, kiatu cha farasi, *amoni*, fuawe, *karfin*, msumari, *kurko*, Jumapili. Baada ya hapo lahaja zinaachana, moja inapokea Kiromania, nyingine Kislavoni, nyingine Kijerumani. Maneno ya asili ya India yaliyobaki katika Kiromani kwa jumla ni kama mizizi 700 hivi. Si mengi, lakini ndiyo yanayobeba mazungumzo ya kila siku, na hilo ndilo la kuzingatia.

Liko jambo ambalo huwa nalirudia kila mara kwa wanaodhani Waroma walizaliwa juu ya gari la farasi. Farasi wa Kiromani ni Mwarmenia kwa neno. Gari, *vurdon*, ni neno la upande wa Iran. Njia ni ya Kigiriki, na kiatu cha farasi ni cha Kigiriki. Kila kitu ambacho picha za Ulaya humpa Mroma kama asili yake kina jina la kuazima. Nyumba, mlango, moto, chumvi, kisu na mkate, ambao ni *manro*, vina majina waliyotoka nayo nyumbani. Neno halithibitishi peke yake jinsi watu walivyoishi, hilo nakubali, lakini watu walioondoka na neno lao la mlango walikuwa na mlango wa kuufunga.

Na kuna ushahidi wa kisichokuwapo. Kiarabu. Katika Kiromani cha Ulaya maneno ya Kiarabu ni haba mno, na machache yaliyopo yanaelezeka kuwa yalipitia Kiajemi au lugha nyingine. Sisi tunajua lugha inavyokuwa ikikaa jirani na Kiarabu kwa karne nyingi: tunasali, tunahesabu, tunaandika barua na kufikiri kwa maneno yaliyotoka huko. Kama Waroma wangekuwa Wamisri, au wangekaa Misri kwa vizazi, lugha yao ingekuwa imejaa. Kimya hicho kinaizika hoja ya Misri.

Rüdiger hakuishia kwenye maneno. Aliangalia sarufi pia, na hilo ndilo linaloifanya kazi yake kuwa mbele ya wakati wake, kwa maana hotuba maarufu ya William Jones kule Kalkuta kuhusu undugu wa Kisanskriti na lugha za Ulaya ilikuja mwaka 1786, miaka minne baadaye. Chukua umilikishi. Kwa Kiromani nyumba ya kijana ni *čhaveskero kher*, na dada wa kijana ni *čhaveskeri phen*. Mwisho wa neno la kijana unabadilika, *-o* kwa nyumba na *-i* kwa dada, ukifuata kinachomilikiwa. Kihindi kinafanya vilevile: *larke ka ghar*, *larke ki bahan*. Mswahili hapa atainua mkono aseme, mbona na sisi: nyumba ya kijana, viatu vya kijana, gari la kijana? Ni kweli, na ni mfano mzuri wa kutuonya. Utaratibu unaweza kufanana kati ya lugha mbili zisizojuana. Kinachowafunga Kiromani na Kihindi ni kwamba utaratibu unafanana *na* vipande vyenyewe vinafanana, *phen* na *bahan*, *kher* na *ghar*, na vinafanana kwa kanuni zilezile za sauti.

Kulikuwa na makosa katika kazi ile. Rüdiger alikisogeza mno Kiromani karibu na Kihindustani kwa sababu hicho ndicho kitabu alichokuwa nacho, na Kihindustani cha Schultze kilikuwa cha kusini, mbali na chimbuko lolote la Waroma. Kihindi si mama wa Kiromani. Ni binamu, wote wakiwa wajukuu wa lugha za kale zaidi. Lililo wazi zaidi ni neno la mkono. Kisanskriti ni *hasta*. Kihindi ni *hath*, kimeitafuna ile *st*. Kiromani ni *vast*, kimeihifadhi. Tatu ni *trin* kwa Kiromani na *tin* kwa Kihindi. *Tr* imepotea kwa Kihindi tu. Mtoto hawezi kurithi kwa mama kitu ambacho mama hana.

Swali la Kiromani kinasimama wapi kati ya lugha za India lilikaa hadi mwaka 1926, mwanaisimu Ralph Turner alipolichambua kwa makini. Alionyesha kwamba katika mabadiliko ya mapema kabisa Kiromani kimekwenda pamoja na lugha za kati ya India. Ile *ksh* ya Kisanskriti, kwa mfano, ikawa *kh*: *akshi* ikawa *jakh*, na nzi, *makshika*, akawa *makhi*, kama *ankh* na *makkhi* za Kihindi. Lakini zile *tr* na *st* ambazo lugha za kati zilizipoteza baadaye, Kiromani kimezishika, sawa na lugha za kaskazini-magharibi. Kikashmiri husema *tre* kwa tatu. Maana yake, wazee wa lugha hii walianza katikati, wakahamia kaskazini-magharibi kabla *tr* haijapotea kule nyuma yao, wakakaa huko, kisha wakatoka India.

Lini? Jinsia ya maneno inasaidia. Kisanskriti kilikuwa na jinsia tatu, ya kiume, ya kike na isiyo na jinsia. Katika lugha nyingi za kaskazini mwa India ile ya tatu ilikufa, na maneno yake yakagawanywa. Mgawanyo huo ulikamilika kuelekea mwisho wa milenia ya kwanza. Kiromani kina jinsia mbili, na maneno yamegawanyika kwa kiasi kikubwa kama ilivyo huko. Moto nao, *agni*, ulikuwa wa kiume katika Kisanskriti; *ag* ya Kihindi ni ya kike, na *jag* ya Kiromani ni ya kike. Ndiyo maana wanaisimu wengi wanaona kwamba safari ya kutoka India haikutangulia sana mwaka 1000.

Maneno ya dini yanastahili kusimama peke yake. Msalaba kwa Kiromani ni *trušul*. Ni *trishula*, mkuki wa ncha tatu wa Shiva, mungu wa Wahindu. Kasisi ni *rašaj*, na wengi wanalirudisha kwa *rishi*, mtawa mwonaji wa Kihindu. Mungu ni *devel*, la ukoo wa *deva*. Watu hawa walibatizwa njiani, wakaukuta msalaba, wakautazama, wakauita kwa jina la kitu kitakatifu walichokuwa wakikijua. Sijui neno lolote jingine linalobeba safari nzima ya watu katika silabi mbili. Fedha nayo, ile madini, ni *rup*, kutoka *rupya* la Kisanskriti, ndugu wa rupia iliyotumika pwani yetu enzi za Wajerumani na Waingereza.

Makala ya Rüdiger haikupata umaarufu. Mwaka mmoja baadaye, 1783, Heinrich Grellmann wa Göttingen alitoa kitabu kizima kuhusu Waroma, chenye hoja hiyohiyo ya India, na hicho ndicho kilichotafsiriwa na kusomwa Ulaya nzima. Tofauti ya wawili hawa inaniuma hadi leo. Rüdiger aliandika waziwazi kwamba namna Waroma walivyotendewa ni aibu kwa karne iliyojiita ya mwanga, na kwamba lawama ni ya mataifa yaliyowatesa. Grellmann aliitumia asili ileile ya India kuwaeleza kuwa watu wa mashariki wenye tabia mbovu wanaohitaji kurekebishwa kwa nguvu. Ushahidi ni uleule, *pani* ni ileile, *kher* ni ileile, na ulitumika kwa nia mbili zinazopingana. Katika karne ya 20 serikali ya Kinazi iliwaua Waroma kwa mamia ya maelfu, na kambi yao ndani ya Auschwitz ilimalizwa usiku wa kuamkia tarehe 3 Agosti 1944. Asili yao ilikuwa inajulikana kwa zaidi ya miaka 160.

Waroma wenyewe wameichukua asili hiyo mikononi mwao. Mkutano wao wa kwanza wa dunia ulifanyika karibu na London mwezi Aprili 1971, na bendera yao, buluu juu na kijani chini, ina gurudumu jekundu katikati linalokumbusha lile la bendera ya India. Makala ya Rüdiger ilichapishwa upya Hamburg mwaka 1990, na jina la Barbara Makelin limo humo, pamoja na sentensi alizozitafsiri.